Lassie asinenepeshwe

Mhariri,

Mabanda ya video hapa Tabora yakionyesha "Lassie Come Home" ya 1943 huivuta picha ijaze runinga pana, mbwa Lassie akaonekana mnene kama nguruwe. Filamu ile ilipigwa kwa umbo la karibu 4:3, yaani upana 4 kwa kimo 3; runinga nyingi za sasa ni 16:9. Shika rimoti, nenda kwenye umbo la picha, chagua 4:3. Weusi unaobaki pembeni si ubovu. Ukikuza picha badala yake, juu na chini hukatwa: masikio ya mbwa yanapotea. Besi nayo ipunguzwe, maana hufunika maneno. Na enyi watafsiri, Lassie ni jike, ingawa mbwa Pal aliyemwigiza alikuwa dume!

Wapenzi wa sinema,
Ng'ambo, Tabora