Kaka, rudi Greenvale

Kaka, shikamoo.

Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti mara tatu. Unasema umeinunua ile gemu niliyokusifia, Deadly Premonition, umeicheza saa moja na robo, kisha umeifuta. Gari linatambaa. Mapigano yanachosha. Picha za kizamani. Na huyo mpelelezi anaongea peke yake njia nzima mpaka ukamwonea aibu. Mwisho ukasema, "Mdogo wangu, safari hii umeniingiza chaka."

Naandika hapa hadharani kwa sababu kwenye simu utanikatiza kabla sijafika nusu. Na pia kwa sababu mimi nimeshaimaliza, na hapa Tanga sijapata hata mtu mmoja aliyeimaliza nikakaa naye kibarazani tukaizungumza. Yamenijaa kifuani, nawe ndiye niliyetaka kuyamwagia.

Kwanza nikubali: Deadly Premonition ina kasoro zote ulizozitaja, na nyingine hukuzifikia. Ramani yake haikuonyeshi mji wote kwa pamoja, ukigeuka nayo inageuka, unapotea kwenye barabara uliyopita jana. Bastola ya York, huyo mpelelezi wako, haiishiwi risasi, lakini kulenga ni kazi, na vile vivuli vya maiti vinavyokuja kwa mgongo uliopinda vinahitaji risasi nyingi mno. Hata wakosoaji waligawanyika. Ilipotoka Marekani Februari 2010, ikiuzwa dola 20 wakati gemu kubwa ziliuzwa karibu mara tatu ya hapo, tovuti ya gemu ya IGN iliipa alama 2 kati ya 10 na tovuti ya Destructoid ikaipa 10 kati ya 10. Guinness, wale wa rekodi za dunia, wakaiandika kwenye kumbukumbu zao kama gemu ya kutisha iliyowagawa wakosoaji kuliko zote. Kwa hiyo ulivyoona wewe, wameona wengi. Nakuomba radhi kwa kutokuonya.

Lakini ulipoishia ndipo pabaya kuliko pote. Ule usiku wa kwanza, York anaendesha kwenye mvua, gari linapata ajali, anatembea msituni kwa miguu akipigana na vivuli mpaka alfajiri. Umeonjeshwa ganda, ukatupa embe. Mji wenyewe hujaingia, kaka.

Greenvale ni mji mdogo wa kubuni, umewekwa jimbo la Washington, kule kaskazini magharibi mwa Marekani kwenye misitu na mvua. Wajapani ndio walioutengeneza, kampuni ya Access Games ya Osaka, chini ya Hidetaka Suehiro ambaye wengi wanamjua kwa jina la Swery. Msichana wa miaka 18, Anna Graham, ameonekana msituni amefungwa kwenye mti, na waliomwona kwanza ni vitoto viwili pacha waliokuwa na babu yao. FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, wanamtuma Francis York Morgan. Hiyo ndiyo kesi. Wenyeji wana hadithi ya tangu 1956 ya muuaji aliyevaa koti jekundu la mvua akiwa na shoka, na wanaisimulia kwa sauti ya chini kama sisi tulivyokuwa tukisimuliwa ya popobawa, huku msimulizi akiuangalia mlango.

Asubuhi ya kwanza York anaamkia hotelini. Hoteli kubwa, mgeni ni yeye peke yake. Mwenyewe ni bibi mmoja, Polly, mzito wa kusikia. Wanakaa kupata kifungua kinywa kwenye meza ndefu kupita kiasi, yeye huku na bibi kule mwisho, wanapigiana kelele na bibi anasikia yake. Halafu York anaangalia kikombe chake, anaona maziwa yamejichora herufi juu ya kahawa, na anazisoma kwa uhakika kama mpiga ramli anavyosoma mchanga. Niliiweka Switch, mashine yangu ya gemu ya mkononi, chini nikabaki kuiangalia. Nilishaingia.

Kuna mkahawa, na siku moja anaingia tajiri wa mji, mzee Harry Stewart, kwenye kiti cha magurudumu, kavaa kinyago cha gesi usoni. Hasemi na watu. Anamnong'oneza kijana anayemsukuma, Michael, na Michael ndiye anayetoa maneno, tena kwa vina, kama malenga aliyetumwa. Chakula cha mzee ni mkate uliojazwa nyama ya bata mzinga, jamu ya stroberi na nafaka zile za kula na maziwa asubuhi. York anaukejeli. Kijana anamwalika auonje. Anauonja, ananyamaza, anaomba msamaha. Nimeona gemu za mabilioni ambazo hazina dakika tatu za namna hii, za mtu mzima kukubali kwamba alihukumu kabla ya kuonja. (Ndiyo, nakuangalia wewe.)

Lakini anayenifanya nisiuache mji ule ni Sigourney. Ni mwanamke mtu mzima anayezunguka barabarani akiwa amekumbatia sufuria. Ukimpita na gari bila kusimama, hakuna atakayekulaumu, kesi inaendelea. Ukisimama, anakuomba umfikishe nyumbani haraka kwa sababu sufuria inapoa. Unampakia. Ndilo gari lilelile unalosema linatambaa, na sasa kutambaa kwake kunauma, maana bibi anakuambia inapoa, inapoa, na nyumbani kwake ni mbali. Mara ya kwanza nilichelewa. Sikupata adhabu ya maana, lakini nilijisikia vibaya usiku kucha, nikaenda kumtafuta tena siku iliyofuata, na siku hiyo tuliwahi.

Hivyo ndivyo mji ulivyo. Kila mtu ana saa zake. Mkahawa unafunguliwa na kufungwa, mwenye duka analala, mwenye mbwa anamtembeza mbwa. Ukitaka kumhoji mtu uende saa anapopatikana. Ukiwahi unasubiri, na York akiwasha sigara muda unakwenda. Unaweza kusogea dirishani ukachungulia ndani ukaona familia inakula, na hakuna cha kupata hapo, si ushahidi, si hela. Wanakula tu. York mwenyewe ana mwili: anaona njaa, anasinzia, ndevu zinaota usipozinyoa, suti ikichafuka bila kufuliwa nzi wanaanza kumfuata. Saa sita usiku ikipita, vivuli vinatoka barabarani, ni bora uwe kitandani. Baada ya wiki mbili nilijua nani yuko wapi saa ngapi kama ninavyojua mtaa wetu. Na hapo, kaka, ndipo hofu ilipoanza kunishika kweli. Kwenye gemu zetu za zamani tuliogopa kinachotoka gizani. Hapa nilikuwa najua kwamba mmoja wa hawa ninaowasalimia kila siku ndiye, na wengine ninaowapenda watakufa. Sikutaka kesi iende mbele. Kuna siku nzima nilivua samaki tu ili usiku usifike.

Liko jambo linaloniudhi na silifichi. Wanaouawa ni wanawake vijana, na gemu inaionyesha miili yao kana kwamba ni mapambo, wakati wao wenyewe hatuwajui vizuri walipokuwa hai. Karibu na mwisho pia yuko mmoja ambaye waandishi walimtendea isivyo haki, siri yake ya moyoni ikafanywa kituko. Mtu anayejua kumpa uhai bibi wa sufuria angeweza kufanya vizuri zaidi hapo. Nimelisema.

Sasa turudi kwa huyo anayeongea peke yake.

Haongei peke yake. Anaongea na Zach. Ukiwa njiani, mvua inapiga kioo, waipa zinakwenda, York anaanza: Zach, unakumbuka filamu ile? Anamkumbusha mwaka wake, aliyeiongoza, walivyoicheka. Akimaliza kumhoji mtu anageuka pembeni: umeona alivyosita, Zach? Watu wa mjini wanamshangaa, hawamwoni huyo Zach. Nawe huoni mtu. Mwanzoni nilidhani Zach ni mimi, mchezaji niliyeshika vitufe, na nadhani ndivyo walivyotaka tudhani. Kumhusu Zach ni nani hasa, sitaandika hapa hata neno moja, kwa heshima yako na ya wengine wanaosoma. Nasema tu kwamba waliolipanga hilo walilipanga tangu dakika ya kwanza, na kila ulichokiona cha ajabu kina mahali pake.

Unakumbuka lile banda la gemu, benchi la mbao, feni isiyozunguka? Tulikuwa tunachanga hela ya nusu saa. Pedi ulishika wewe kwa sababu ndiye mkubwa, mimi nilikaa ubavuni, magoti yamegusana. Gemu ilikuwa ile ya jumba kubwa lenye maiti wanaotembea, na sote wawili Kiingereza hatukukijua, tulikuwa tunabuni wanachosema. Kila ulipofika kwenye mlango mpya ulikuwa unasimama, unaniuliza bila kunitazama, "Tuingie au tusubiri, mdogo wangu?" Nilikuwa na miaka minane. Nikisema tuingie, uliingia. Mara nyingi tulikufa humo, na hela ikawa imeisha. Hukunilaumu hata siku moja.

Sikuwa nimeliwaza hilo kwa miaka. Mwezi wa nne, masika, usiku umeme ulikatika. Switch ilikuwa na chaji, nikaendelea kucheza gizani chini ya neti, mvua inapiga mabati, na kwenye kioo mvua ya Greenvale nayo inanyesha. York alisimama mbele ya jengo lililotelekezwa. Akamuuliza Zach anaonaje. Nami nikasikia mdomo wangu unasema, kwa sauti kabisa, "Tuingie."

Mama akaita kutoka chumbani kwake, "Unaongea na nani?"

Nilimjibu naongea na gemu. Lakini nilikuwa naongea na wewe, kaka. Na nikagundua kwamba si mara ya kwanza. Nilipomkosa Sigourney nilisema, "Tumechelewa." Sikusema nimechelewa. Nilipoona herufi kwenye kahawa nilisema, "Umeona?" Tangu uende Muscat simu zetu zimekuwa za kuulizana afya, hali ya mama, hela imefika, haya usiku mwema. Sikulaumu, kazi yako naijua ilivyo. Ila hatuulizani tena mambo yasiyo na faida. York na Zach wanazungumza filamu za zamani katikati ya kesi ya mauaji, kilomita na kilomita, na gari linakwenda polepole kwa sababu mazungumzo yanahitaji njia ndefu. Lingekuwa na mwendo unaoutaka wewe, wangefika kabla hawajaambiana kitu.

Kwa hiyo ipakue tena. Hela umeshatoa. Msitu wa mwanzo upite huku umeuma meno, usipoteze nguvu kupigana na kila kivuli, vingine vinakwepeka, na York anaweza kuzuia pumzi visimwone. Ukifika mjini usikimbilie kesi. Tazama ramani kabla hujawasha gari, maana ukiwa njiani itakuchanganya. Angalia mafuta. Beba chakula. Nyoa ndevu, unalipwa bonasi. Ukimwona mwanamke na sufuria, simama. Huo mluzi wa muziki wa kuchangamka unaopigwa hata mahali pasipofaa, uzoee, baadaye utaupiga ukiosha vyombo. Kindi wa kule wanalia kama nyani, ndivyo walivyo.

Zamani jina la mradi wa gemu hii lilikuwa Rainy Woods, ukaonyeshwa Tokyo mwaka 2007, watu wakasema unafanana mno na tamthilia moja ya Marekani ya mwaka 1990, ikabidi waurekebishe. Nakuambia hili kwa sababu najua utakwenda kuuliza kwenye intaneti nani alianza, na ukienda huko utakutana na mwisho wa hadithi umeandikwa waziwazi. Usitafute kitu. Niulize mimi.

Utafika mahali, mbali sana, usiku, ambapo York atalitaja jina la Zach kwa namna ambayo hajawahi kulitaja. Utajua ndiyo hapo, huhitaji nikupe alama. Isevu, weka chini, nipigie. Tumepishana saa moja tu. Hata kama kwako ni saa tisa usiku na zamu yako ni alfajiri, piga, nitakuwa macho, na mama nimeshamwambia kwamba siku hiyo akisikia naongea asiulize.