Kwa mwanangu, kabla hujafungua duka la dawa

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Bukoba. Sisi huku hatujambo, baba yako anakusalimu, na bibi yako anauliza kila siku kama umeshapata mtu wa kukusaidia kufungua asubuhi. Nimesikia kibali cha duka la dawa muhimu kimetoka na kwamba wiki ijayo utaanza kuuza pale Tandale. Hongera sana. Nimekaa wodini miaka mingi kabla ya kustaafu, na kuna jambo ninalotaka kukuambia kwa utulivu, maana kwenye simu salio hukatika kabla mtu hajamaliza alilokusudia.

Ugonjwa unapoingia mtaani, dirisha lako ndilo litakalouona kwanza. Mtu akipatwa na homa au tumbo haendi zahanati siku ya kwanza. Anakuja dukani na noti ya elfu moja mkononi. Kwa hiyo utakayoyaona wewe Jumatatu, daktari atayaona Alhamisi, na wengine hawatamfikia kabisa. Ukiuza tu na kusema "karibu tena", umeacha ugonjwa upite bila mtu kuujua.

Wateja wengi watakuwa akina mama wenye watoto wa homa, na wengi wao watataka antibayotiki, yaani dawa za kuua bakteria, kama amoksilini au Septrin. Kuna utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Ifakara ukachapishwa mwaka 2014. Watoto 1,005 wenye homa walipimwa kwa makini, kila kitu kinachoweza kupimwa. Karibu saba katika kila kumi walikuwa na maambukizi ya virusi. Wenye maambukizi ya bakteria walikuwa kama mmoja kati ya watano, na wenye vimelea kama vya malaria kama mmoja kati ya kumi. Wengine walikuwa na zaidi ya kimoja. Maana yake ni kwamba wengi wa watoto watakaoletwa dirishani kwako antibayotiki haitawasaidia chochote.

Sababu yake uijue vizuri, kwa sababu utatakiwa kuieleza mara nyingi. Bakteria ni kiumbe hai kinachojitegemea. Kina ukuta wake, kinakula, kinazaana chenyewe. Amoksilini huvuruga ujenzi wa ule ukuta, na bakteria akipasuka amekufa. Kirusi hakina ukuta wala jiko lake mwenyewe. Huingia ndani ya seli ya mtu na kuitumia kujizalisha, kwa hiyo amoksilini haikuti cha kubomoa. Mafua, surua, dengue, na sehemu kubwa ya kuhara kwa watoto wadogo ni kazi ya virusi. Hapo mtoto anahitaji kunyonya, kunywa, parasetamo kwa uzito wake, na mtu wa kumwangalia. Surua ina chanjo, na kadi ya kliniki ya mtoto uwe na mazoea ya kuiulizia.

Ila usije ukamrudisha nyumbani mtoto mwenye nimonia ukidhani ni mafua. Mwambie mama amfunue kifua, umhesabie pumzi dakika nzima kwa saa, mtoto akiwa ametulia, hanyonyi wala halii. Aliye chini ya miezi 2 akifika pumzi 60 kwa dakika ni hatari. Wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50. Wa mwaka 1 hadi miaka 5, pumzi 40. Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, au akishindwa kunyonya, akatapika kila kitu, akapata degedege au akalegea asiamke vizuri, hapo hakuna biashara. Msaidie mama kupata bajaji aende hospitali. Usimtafutie dawa kwenye rafu huku muda unakwenda.

Sasa habari ya nusu dozi. Watakuomba vidonge vya mia tano, kapsuli nne tu, "hela imeisha, nikipona nitaacha". Wengine wataleta ganda la dawa aliyopewa jirani. Mwanangu, hapa nakuomba uwe mgumu. Mwilini mwetu mna bakteria wengi, kooni na tumboni, na wengi hawana ubaya. Kila antibayotiki inayomezwa bila sababu huua walio dhaifu na kuwaacha wenye uwezo wa kuihimili, nao huzaana na hata kupeana uwezo huo wao kwa wao. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alilisema hili Stockholm mwaka 1945 alipopewa Tuzo ya Nobel. Alionya kwamba huenda siku itafika penisilini iuzwe madukani kwa yeyote, na mtu asiyejua ajipe dozi ndogo na kuwazoesha vijidudu dawa. Alikuwa anazungumzia dirisha kama lako. Mwaka 2019 peke yake, inakadiriwa watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu. Wataalamu wetu wanauita UVIDA, usugu wa vimelea dhidi ya dawa, lakini wodini tunauona kama mzazi mwenye kidonda cha upasuaji kisichokauka huku sindano zote za kabatini zimeshajaribiwa.

Kuna jambo la Dar hasa. Mwaka 2019 dengue iliwapata watu zaidi ya 6,000 nchini, wengi wao hapo jijini. Mbu wake huuma mchana na huzaliana kwenye maji safi yaliyotuama, ndoo, tairi, vyungu vya maua. Mgonjwa huja na homa kali, macho yanauma kwa nyuma, viungo vinavunjika, naye ataomba diklofenaki kwa sababu ndiyo iliyomponya mgongo mwaka jana. Usimpe, wala ibuprofeni, wala aspirini, mpaka apimwe, kwa sababu dawa hizo huongeza hatari ya kutokwa damu. Mpe parasetamo na umhimize anywe maji mengi. Akianza kutoka damu kwenye fizi au tumbo likamuuma sana homa inaposhuka, ni hospitali.

Kipindupindu ndicho kinachonifanya nikuandikie kwa urefu. Agosti 2015 kilianzia Kinondoni, wilaya hiyo hiyo uliyopo, kikasambaa mikoa mingi na Zanzibar pia. Wagonjwa walipita 20,000. Unajua mwenyewe vyoo vya Tandale, visima vifupi vilivyochimbwa hatua chache kutoka kwenye shimo, na wanaotapisha vyoo mvua ikinyesha. Bakteria wa kipindupindu hutoka kwenye choo cha mtu, akaingia kwenye maji au chakula, akamezwa na mwingine. Dalili huanza baina ya saa chache na siku 5. Wengi wanaoambukizwa hawaumwi kabisa, au huhara kidogo tu, lakini huendelea kuwatoa bakteria kwa siku kadhaa. Ndiyo maana ugonjwa huruka kutoka mtaa hadi mtaa na hakuna aliyeonekana akiubeba.

Bakteria huyu haingii kwenye damu. Hukaa kwenye utumbo mwembamba, akatoa sumu inayoufanya utumbo umwage maji na chumvi ya mwili. Mtu mzima anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa, kinyesi kikiwa kama maji ya kuoshea mchele. Asubuhi alikuwa sokoni, jioni macho yameingia ndani, na ngozi ukiifinya inachelewa kurudi. Kwa walio mahututi wasiotibiwa, nusu wanaweza kufa. Wakitibiwa mapema, hafi hata mmoja katika mia. Sijui ugonjwa mwingine ambao maji ya chumvi na sukari yanaleta tofauti kubwa namna hiyo.

Siri ni kwamba sumu ile haiharibu mlango mmoja wa utumbo, ule unaoingiza chumvi na sukari kwa pamoja, na maji hufuata. Mwaka 1971, kwenye kambi ya wakimbizi wa vita vya Bangladesh huko Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu. Akaanza kugawa chumvi na sukari zilizopimwa, zikorogwe kwenye maji na ndugu wenyewe wawanyweshe wagonjwa. Vifo vilivyokuwa karibu asilimia 30 vilishuka chini ya asilimia 4. ORS, yaani pakiti za chumvi na sukari hizo, isikuishie dukani hata siku moja, hata kama faida yake ni ndogo. Ikiisha, mfundishe mtu: maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6 vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko kidogo. Akizidisha chumvi ni hatari, mwoneshe kwa kijiko chenyewe. Mtoto mwenye kuhara aongezewe zinki. Aliyelegea asiyeweza kunywa anahitaji dripu, apelekwe mara moja, akinyweshwa njiani kama anaweza. Flagyl haiui bakteria wa kipindupindu, na dawa za kufunga tumbo usimpe. Kituoni wanaweza kumpa doksisaikilini, lakini maji ndiyo yanayotangulia.

Na hapa ndipo macho yako yanapohitajika. Mtoto mmoja kuhara ni kawaida. Watu wazima kadhaa wa mtaa mmoja kuja siku hiyo hiyo kutafuta ORS, au mtu mzima kuishiwa nguvu kwa kuhara ndani ya saa chache, hilo si la kawaida. Waulize wanateka wapi maji. Swali hilo hilo ndilo John Snow aliloliuliza nyumba kwa nyumba London mwaka 1854, wakati wengi waliamini kipindupindu kinaletwa na hewa mbaya, na majibu yakampeleka kwenye pampu moja ya mtaa wa Broad. Kisha mpigie mganga mfawidhi wa kituo cha jirani, au piga 199 ya Wizara ya Afya, ni bure. Kipindupindu ni ugonjwa wa kutolewa taarifa ndani ya saa 24. Taarifa yako inakwenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, timu inakuja kuchukua sampuli ya kinyesi, maabara inaotesha bakteria na kusema ni yeye au siye na dawa gani bado inamwua. Huku nyuma visima vinatiwa klorini bila kungoja. Hakuna sehemu ya mnyororo huo inayoanza mpaka mtu mmoja wa kawaida aone na kusema.

Nimeyaona matunda ya kusema mapema, na nimeona pia kuchelewa. Unakumbuka Machi 2023, huku kwetu Bukoba Vijijini, watu wa ukoo mmoja na majirani walipoanza kufa kwa homa, kutapika na kutokwa damu, na figo kukataa kufanya kazi. Tarehe 21 Machi serikali ilitangaza ni Marburg, mara ya kwanza katika historia ya nchi yetu. Kirusi hiki hukaa kwa popo wanaokula matunda, na kikishamwingia mtu hupita kwa damu, matapishi na majimaji ya mgonjwa au maiti, basi wanaoumia kwanza ni wanaouguza, wanaoosha maiti na wahudumu wa afya. Mmoja wa waliokufa alikuwa mhudumu. Hakuna dawa iliyoidhinishwa wala chanjo. Kilichozuia ni kuwatafuta watu zaidi ya 200 waliowagusa wagonjwa na kuwaangalia joto kila siku kwa siku 21, mlango kwa mlango, kwenye migomba hii hii. Mgonjwa wa mwisho alipothibitika kupona, zikahesabiwa siku 42 bila mgonjwa mpya, na tarehe 2 Juni ukatangazwa umekwisha. Wagonjwa 9, waliofariki 6. Watatu waliopona walipona kwa maji, chumvi za mwili na uuguzi wa karibu.

Januari 2025 ukarudi, Biharamulo. Safari hii walihesabiwa wagonjwa 10, na wote kumi walifariki. Wanane kati yao walikuwa wamekwishakufa kabla ugonjwa haujathibitishwa. Wanane, mwanangu. Siku za mwanzo Marburg hufanana na malaria au homa ya matumbo, na kokote inakotokea, aliyeugua huanza kwa kununua dawa ya homa karibu na nyumbani. Nimewafikiria sana hao wanane tangu wakati huo.

Kwa hiyo naomba uweke daftari chini ya kaunta. Usiandike majina, watu wana siri zao. Andika tarehe, umri, dalili, na mtaa anaotoka. Kila jioni lipitie kabla ya kufunga hesabu. Ukiona homa mbili za nyumba moja, uliza kama kuna msiba. Mgonjwa anayetoka damu usimguse bila glovu, mkalishe mbali na wengine, piga simu. Mlangoni weka ndoo yenye koki na sabuni, na uitumie wewe mwenyewe baada ya kila anayekohoa na kila noti unayopokea.

Nakutumia kipima joto na saa yangu ya kazini yenye mshale wa sekunde, anavileta binamu yako Jumamosi na basi la usiku. Saa ni ya kuhesabia pumzi za watoto. Betri nimeibadilisha. Nawe nitumie jina la kituo cha afya kilicho karibu na wewe na namba ya mganga mfawidhi wake, niwe nazo na mimi.

Ni mimi, mama yako.