Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tembo wa Tabora na Cheti Ambacho Hatutakitoa

Ndugu wanachama,

Assalaam alaykum, na salamu kwenu nyote mlioko Dar es Salaam, Unguja, Mombasa, Maskati na huko Ulaya. Hesabu za mwaka ameziandaa mhazini na zimeambatanishwa na taarifa hii. Kwa ufupi, hatudaiwi na mtu, na ada inabaki ileile. Maonyesho ya sarafu za mwambao yalifanyika, wanafunzi walifurika kuliko tulivyotarajia, na chai iliisha kabla wageni rasmi hawajafika. Baada ya hayo naomba nitumie nafasi iliyobaki kwa jambo lililoikalisha kamati vikao vingi kuliko mengine yote: vitu vya kale vya bandia vinavyouzwa kwenye minada ya mtandaoni, ambavyo wanachama wetu wanavinunua.

Nianze na tembo. Wengi mnaijua sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyogongwa Tabora mwaka 1916. Waingereza walikuwa wamefunga bahari, fedha haiji tena kutoka Ujerumani, basi Wajerumani wakaigeuza karakana ya reli kuwa kiwanda cha sarafu. Dhahabu ilitoka machimbo ya Sekenke. Upande mmoja ukawekwa tai wa Kaizari, upande wa pili tembo mbele ya mlima. Zilitoka kama 16,000 tu, na Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora. Ni sarafu adimu, na ni ya kwetu, kwa hiyo hakuna mkusanyaji wa Afrika Mashariki asiyeitamani. Waghushi wanalijua hilo vizuri sana.

Mwanachama mwenzetu mmoja, ambaye ameniruhusu nisimulie ila jina nilihifadhi, alikuja nayo kwenye kikao cha kamati akiwa na furaha zake. Aliipata mnadani kwa takriban nusu ya bei ya kawaida. Tukaongozana naye hadi kwa sonara wa jirani. Sarafu ya kweli ni dhahabu ya karati 18 na uzito wake ni gramu 7 na kidogo. Mizani ikasoma gramu 4 na nukta. Sonara hakuhitaji hata jiwe lake la kupimia dhahabu, akairudisha mezani na kuendelea na kazi yake. Shaba nyeupe au nyekundu, ukiifanya ya ukubwa uleule, haiwezi kufikia uzito wa dhahabu. Ukitaka uzito ufanane lazima uifanye nene, na unene nao unapimika.

Tulipoiweka chini ya lenzi tukaona mengine. Herufi zilikuwa zimelegea kama sabuni iliyokwisha kutumika. Chini ya tumbo la tembo palikuwa na mkwaruzo wa mshazari, mfupi, unaoelekea mguu wa nyuma. Katibu alipokwenda kupekua kurasa za minada usiku ule, akaukuta mkwaruzo huohuo kwenye sarafu za wauzaji wengine, waliojieleza kuwa wako nchi tofauti kabisa. Hapo ndipo pa kutazama. Mghushi anachukua sarafu moja, iwe ya kweli au nakala ya mwenzake, anaitengenezea kalibu na kusubu nyingine ndani yake. Kalibu haichagui, inachukua tembo na inachukua kidonda chake pia. Sarafu mbili za kweli haziwezi kukwaruzwa mahali pamoja kwa urefu mmoja. Kwa hiyo kabla ya kutaja dau, itafuteni picha ile mtandaoni, mwone imejitokeza mara ngapi na kwa nani.

Mwenzetu alidai fedha zake, na kwa kuwa alilipa ndani ya tovuti yenyewe, alirudishiwa. Wale wanaokubali kumalizana na muuzaji pembeni, kwa kutumiana fedha moja kwa moja ili "kukwepa makato", wakidhulumiwa hawana pa kushtaki. Lakini sharti la kurudishiwa lilikuwa kuirudisha sarafu kwa muuzaji. Haukupita muda mrefu, tembo mwenye mkwaruzo akawa mnadani tena. Huenda ni yuleyule, huenda ni ndugu yake. Ndiyo maana mimi sishangilii sana fedha zinaporudi.

Lugha za wauzaji hawa mmezizoea: sarafu ilikuwa ya marehemu babu, imetoka kwenye mkusanyo wa zamani wa Ulaya, mimi si mtaalamu, tazameni picha mwamue wenyewe. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ya kuogopa, maana imewekwa pale ili kesho aseme hakudanganya. Marekani ina sheria tangu 1973 inayotaka kila sarafu ya kuiga ipigwe neno COPY. Sheria ni nzuri, lakini neno lililopigwa juu ya chuma hufutika kwa tupa. Na bei? Wazee wetu walikwisha sema, rahisi huvunja upishi.

Kutokana na kisa hicho lilikuja pendekezo, nalo liliungwa mkono na wengi: chama kianze kutoa cheti cha uhalisi. Mwanachama alete sarafu, tuikague, tuigongee muhuri, alipie. Mhazini alilipenda, na kwa upande wake ana hoja, kwa sababu mapato ya ada hayatoshi kulipia ukumbi. Mimi nililipinga, na kamati baada ya mvutano imenifuata. Naona ni haki mzijue sababu kabla hamjapiga kura.

Chukueni riale ya Maria Theresa, ile ya mwaka 1780 ambayo bibi zetu waliivaa shingoni na ambayo ilizunguka kutoka Uhabeshi hadi Omani na mwambao wote huu. Malkia huyo alifariki mwaka huohuo wa 1780, lakini sarafu iliendelea kugongwa kwa tarehe ileile, kwa sababu wafanyabiashara wa huku hawakutaka nyingine. Vienna waliigonga. Mwaka 1935 Italia ikapata haki ya kuigonga kwa ajili ya vita vyake vya Uhabeshi, na Waingereza wakaanza kuigonga London na Bombay. Vienna wanaigonga hadi leo. Zote zina fedha halisi, gramu 28 na kidogo, na maandishi yaleyale ya Kilatini ubavuni. Mtandaoni zinauzwa kama "fedha ya karne ya 18". Je, cheti chetu kiandike nini? Ni ya kweli? Ndiyo. Ni ya karne ya 18? Karibu kila mara, hapana. Mnunuzi atasoma lile neno la kwanza na kulifungia kabatini.

Kilwa ni kugumu zaidi. Sarafu zile ndogo za shaba za masultani wa Kilwa, za Ali bin al-Hasan na za al-Hasan bin Sulaiman aliyetembelewa na msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, hazina tarehe wala jina la mji. Zina jina la sultani upande mmoja na dua upande wa pili, vikiwa vimepangwa kwa vina. Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota tano za Kilwa ufukweni katika visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa Australia, pamoja na nne za Kiholanzi. Habari hiyo iliposambaa upya mwaka 2013, sarafu ya Kilwa ikapata wateja wasiojua hata Kilwa iko upande gani wa ramani. Wenzetu wanaosoma Kiarabu ndio kifaa chetu bora hapa. Mchonga kalibu asiyejua anachokichonga huunganisha herufi zisizoungana, na jicho lililozoea msahafu linaliona hilo haraka kuliko lenzi.

Sasa tuseme sarafu ni ya kweli. Kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Tanzania Bara, kitu chochote kinachohamishika kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 ni mali kale, na hakitoki nchini bila kibali. Basi sarafu ya Kilwa iliyoko mnadani bila karatasi ni mojawapo ya mambo mawili: ni bandia, au imechimbwa na mtu usiku na kuvushwa kimagendo. Ipo ya tatu, kwamba iliondoka zamani kabla ya sheria, lakini mwenye nayo ya namna hiyo huwa anaweza kuonyesha. Tukiithibitisha sarafu isiyo na karatasi tutakuwa tumempa mwizi risiti. Sheria hiyohiyo inazilinda hata milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940, kwa hiyo wale wanaonunua "mlango wa kale wa pwani" kwa picha wajiulize maswali hayohayo, pamoja na swali la rangi ya viatu iliyopakwa kuuzeesha.

Baadhi yenu mmeniambia bandia zina faida yake. Hoja hiyo si ya mitaani. Mwanaakiolojia Charles Stanish, aliyefanya kazi miaka mingi huko kwenye milima ya Andes, Amerika Kusini, aliandika mwaka 2009 kwamba alihofia eBay, tovuti ya minada, ingechochea uporaji wa makaburi, lakini akaona waporaji wengi wamegeuka mafundi: kutengeneza chungu "cha kale" ni rahisi kuliko kukifukua. Naikubali nusu yake. Pengine makaburi yamepumzika kidogo. Lakini anayelipa ni mwalimu mstaafu wa Tanga aliyeweka akiba ya mwaka kununua kipande cha historia yake, na huyo ni mwanachama wetu.

Sababu yangu ya mwisho inahusu karatasi zenyewe. Shaun Greenhalgh wa Bolton, Uingereza, aliliuzia jumba la makumbusho la mji wake sanamu ya binti wa kifalme wa Misri mwaka 2003, kwa pauni 440,000. Sanamu ilitengenezwa nyumbani kwao. Kilichowalainisha wataalamu ni orodha ya mnada ya mwaka 1892, ya kweli kabisa, ambayo familia yake iliinunua kisha ikadai kwamba sanamu ni mojawapo ya vitu vilivyotajwa humo kijuujuu. Aliponaswa, ilikuwa kwa michongo ya Ashuru yenye makosa katika maandishi, na mwaka 2007 akafungwa. Ikiwa karatasi halisi ya miaka mia moja iliweza kutumika hivyo, muhuri wetu wa mpira, ambao fundi yeyote wa Kariakoo anauchonga ukiwa unasubiri, utadumu miezi mingapi kabla haujaonekana chini ya tembo mwenye mkwaruzo?

Badala ya cheti, kamati inaleta mapendekezo mawili. Kwanza, chama kinunue mizani ya kisonara inayosoma hadi nukta mbili na kipimo cha unene, vikae kwa katibu, na mwanachama apimiwe sarafu yake bure, kwa mdomo, bila kuandikiwa chochote. Pili, tuanze albamu ya bandia: picha za pande zote mbili na za ubavu, uzito, na alama zinazojirudia, ambayo kila mwanachama ataichangia hata kama aibu inamshika. Tembo wetu tumekwisha mpiga picha kabla hajarudishwa, na ndiye ukurasa wa kwanza.

Mapendekezo haya yatapigiwa kura kwenye mkutano mkuu. Mhazini atapewa dakika zake kutetea cheti, na naomba asikilizwe bila kuzomewa kama ilivyotokea mara ya mwisho tulipojadili ukumbi. Kipindi cha katibu kinakwisha. Ameomba apumzike, na tunamshukuru kwa usiku wote aliokesha kwenye kurasa za minada. Majina ya wanaotaka kumrithi yamfikie makamu mwenyekiti wiki moja kabla ya mkutano, kwa maandishi, yakiwa na saini za wadhamini wawili waliolipa ada.

Wenu katika chama,
Mwenyekiti