Malalamiko Kuhusu Safari ya Mafunzo ya Kupiga Picha, Kitulo na Ngosi

Soweto,
Mbeya.
3 Machi

Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilikuwa mmoja wa watu tisa mliotupeleka Hifadhi ya Kitulo na Ziwa Ngosi wikiendi iliyopita, kwa Sh 180,000 kila mmoja. Tangazo lenu lilisema tutajifunza kupiga mandhari kwa mwanga wa asubuhi. Huo mwanga ndio nilioulipia. Njia ya Kitulo naijua.

Tuliambiwa tukutane saa 10 alfajiri. Kosta ikaja saa 2 asubuhi, na dereva akasema ndiyo saa aliyopewa na ofisi yenu. Mpaka tupite Chimala, tupande zile kona hamsini na saba, tusimame Matamba kunywa chai, tumeingia hifadhini saa 7 mchana. Mwishoni mwa Februari, saa hiyo jua la huku liko utosini kabisa, kivuli chako unakikanyaga. Maua yalijaa uwanda mzima, maana msimu ndio huu, lakini kwenye picha zangu yametoka bapa kama kitambaa cha meza. Manjano yamepauka, vilima havina mgongo. Nikamuuliza mwalimu tufanyeje. "Tutarekebisha kwenye simu," akasema, kisha akatupanga mstari tupigwe picha ya pamoja.

Kwa Ngosi siwalaumu kuhusu ukungu. Ukungu wa Milima ya Poroto hauna bosi. Ila tumepanda msitu ule kwa kushika mizizi, halafu tunakaa ukingoni dakika kumi tu, eti ratiba! Vijana tuliowaacha pale juu walingoja. Jioni mmoja wao akanirushia picha: maji ya kijani, ukungu umejikunja upande mmoja wa kreta kama blanketi.

Somo pekee la kupanga picha nimelipata kwa konda. Jumamosi tukirudi kutoka Kitulo, tairi lilipata pancha kwenye zile kona, jua limeshalala na Usangu yote iko chini yetu. Akaniona nahangaika na kamera. "Dada, chuchumaa. Hilo jiwe liweke mbele, barabara ianzie hapa pembeni, itakushusha yenyewe mpaka bondeni." Nikachuchumaa. Ndiyo picha pekee ninayoweza kumwonyesha mtu.

Naomba mnirudishie nusu, yaani Sh 90,000, au mnipe nafasi katika safari nyingine kabla maua hayajaisha, na safari hiyo tulale Matamba ili alfajiri itukute uwandani. Nimeambatisha risiti, pamoja na picha zinazoonyesha saa zilipopigwa. Nasubiri jibu ndani ya siku 14.

Cheti mlichonitumia WhatsApp sikihitaji. Kimeandikwa nimehitimu "mwanga wa asubuhi".

Wenu,
Mteja wa kiti namba 6