Kwa somo yangu, kuhusu kokwa la parachichi na magoti yetu

Tukuyu, Jumapili jioni

Somo yangu mpendwa,

Shikamoo ya utani, maana umenizidi miezi mitatu tu. Barua yako nimeisoma mguu ukiwa juu ya kigoda, goti limezungushiwa kanga niliyochovya maji ya moto. Kwa hiyo swali lako limemkuta mgonjwa mwenzio.

Unauliza kama ununue ule unga wa kokwa la parachichi ambao muuzaji anaapa kwamba unaotesha upya gegedu, ile nyeupe laini ya mwisho wa mfupa. Usinunue. Nimekutangulia huko. Mwaka jana niliparuza makokwa mwenyewe, nikayaanika juu ya bati, nikayatwanga, nikawa nachemsha kijiko asubuhi na kijiko usiku. Chungu kama shubiri! Mwezi mzima. Goti halikupata habari. Tumbo ndilo lililopata.

Lakini uongo wa yule muuzaji haukutoka hewani, na hapo ndipo mpwa wangu mfamasia aliponiaibisha, kwa sababu jambo lenyewe mimi na wewe tulilisomesha. Unakumbuka vipindi vya sayansi kimu, siku za kutengeneza sabuni? Mafuta, kostiki soda, koroga upande mmoja bila kubadili mkono. Basi karibu mafuta yote hukubali kuwa sabuni, ila kipo kisehemu kidogo sana kinachokaidi. Ukoroge utakavyo, hakigeuki. Wafaransa wamekichukua hicho kisehemu kaidi cha mafuta ya parachichi, wakakichanganya na cha mafuta ya soya, fungu moja la parachichi kwa mafungu mawili ya soya, wakatengeneza dawa ya miligramu 300, ya kumeza mara moja kwa siku. Hiyo ndiyo iliyopimwa kwa watu. Unga wa kokwa ni kitu kingine kabisa, wala parachichi unalokula na chumvi si dozi ya dawa hiyo.

Sasa inafanya nini? Chukua mfupa wa paja la kuku, uutazame mwishoni: ile nyeupe laini inayong'aa ndiyo gegedu. Haina mishipa ya damu wala ya fahamu. Ndani yake zimo seli chache zilizotawanyika, kazi yao kulitunza. Goti likichakaa, seli hizo hupokea ishara za uvimbe, nazo badala ya kujenga zikaanza kutoa vimeng'enya vinavyokata nyuzi za gegedu lenyewe. Mlinzi kageuka mwizi. Maabarani, seli hizo zikiwekewa dawa ya parachichi na soya, hupunguza ule wizi na kurudia kujenga kidogo. Hata komamanga, lile la uani kwako, lina yake: mwaka 2005 watafiti wa Cleveland, Marekani, waliweka dondoo lake, yaani kile kilichochujwa kutoka kwenye tunda, kwenye seli za gegedu la binadamu, na vimeng'enya vile vikapungua. Ila ilikuwa ndani ya vyombo vya maabara, somo. Kutoka kwenye chombo kile hadi gotini kwako kuna safari: kwanza tumbo, halafu ini, halafu damu, na damu yenyewe haiingii kwenye gegedu.

Kwa watu hai habari ni ya kawaida tu. Mwaka 2014 wataalamu waliokusanya majaribio mengi pamoja waliona kwamba waliomeza dawa ile maumivu yao yalipungua kama pointi 8 katika 100 kuliko waliomeza dawa bandia, yaani kidonge kisicho na dawa ndani. Si haba, lakini si muujiza. Na gegedu je? Wafaransa walifuatilia watu 399 wenye nyonga mbovu kwa miaka mitatu, wakipima kwenye picha za eksirei nafasi iliyobaki kati ya mifupa. Kwa wastani nafasi hiyo ilisinyaa sawasawa kwa waliomeza dawa na kwa waliomeza dawa bandia. Tofauti ilikuwa hapa: kwa waliomeza dawa, walioharibikiwa haraka walikuwa 40 katika kila 100, kwa wale wa dawa bandia walikuwa 50. Mpwa wangu akaongeza, kwa sauti ile yake ya kunong'ona, kwamba mwenye kuitengeneza dawa ndiye aliyegharamia utafiti. Hakuna aliyeoteshewa gegedu jipya.

Ngoja nikuchekeshe. Baada ya unga kunishinda nikasema basi nitakula tunda lenyewe, si tunaishi nalo? Hapa Rungwe msimu ukifika yale yasiyofaa kusafirishwa nje tunagawiana ndoo kwa ndoo. Nikawa nakula matatu kwa siku, moja na ugali, moja na mkate, la tatu kwa uroho. Kliniki nesi akanipandisha mizani, akanitazama, akaniuliza, "Mama, unajua parachichi ni mafuta?" Mwalimu wa sayansi kimu mzima! Nilitamani ardhi inimeze. Kumbe Wamarekani waliwapima wazee 142 wanene wenye magoti mabovu, wakakuta kila kilo moja anayopunguza mtu humwondolea goti mzigo wa kilo nne, kila hatua. Mimi nilikuwa naongeza.

Sasa nala nusu, siku si zote. Na asubuhi kabla jua halijachoma natembea hadi sokoni na kurudi, polepole, kwa fimbo. Mwanzoni niliogopa nisimalize kigegedu kilichobaki. Lakini kwa vile gegedu halina damu, chakula chake ni ule ute wa ndani ya goti, nao huingia na kutoka unapokanyaga na kuachia, kama sponji. Ukikaa kitako siku nzima unalinyima. Maumivu bado yapo, hasa mvua zikianza, na hapa Tukuyu unajua mvua haijui kupumzika. Ila ngazi za kanisani napanda bila kushikwa mkono.

Ile dawa ya Wafaransa ukikutana nayo duka la dawa, muulize kwanza daktari wako, maana wewe una presha na vidonge vingine. Na ile pesa ya unga nunua viatu vya soli laini, zile ndara zako zimeisha tangu enzi.

Kiroba cha parachichi kitapanda basi la Ijumaa, mtume kijana akakipokee stendi. Yamekomaa lakini bado magumu. Yazungushie magazeti, yaache siku nne. Kirudishe kiroba hichohicho na makomamanga, nayapenda tu, goti lisitajwe.

Ni mimi somo yako,
wa magoti mawili, moja zima