Kadi Si Pesa: Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama, na nyinyi walezi mliowaachia majirani watu wenu ili mfike hapa, ahsanteni.

Nianze na lililotusumbua mwaka mzima. Wengi tulidhani ukishapata kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu, basi pesa za Inua Jamii, ule mpango wa serikali ya Kenya wa kuwatumia pesa wasiojiweza, zitaingia zenyewe. Sivyo. Kadi inakutambulisha tu. Ndiyo utakayoombea msamaha wa kodi, kiti cha magurudumu au msaada wa karo. Zile shilingi 2,000 za kila mwezi zina mlango wake. Ni za nyumba inayomtunza mtu mwenye ulemavu mkubwa, asiyeachika peke yake usiku wala mchana, na majina huandikwa serikali inapofungua usajili, kwa nafasi zilizogawiwa kila lokesheni. Ukikosa, unangoja msimu mwingine. Kutowaeleza haya mapema ni kosa la kamati, na mimi wa kwanza.

Na hata hiyo kadi ina kazi yake. Sharti upimwe na madaktari katika hospitali iliyoidhinishwa, fomu itiwe sahihi na muhuri, kisha uingie eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ujisajili. Mwezi wa tatu nilimsindikiza mama mmoja wa Ganze, huko Kilifi, na kijana wake mwenye mtindio wa ubongo. Kijana ana miaka 19, mzito, na mamake bado humbeba mgongoni kwa leso. Safari ya kwanza daktari wa kutia sahihi alikuwa semina. Ya pili alikuwepo, lakini fomu ikarudishwa kwa kuwa sehemu ya mlezi ilikuwa tupu. Fomu ile niliijaza mimi. Niliiruka sehemu hiyo nikidhani ni ya ofisi. Ya tatu tulikaa tangu saa moja asubuhi hadi saa tisa, kijana amelazwa kwenye benchi, mama akimpepea kwa ile ile fomu. Muhuri ulipogongwa hakusema neno. Aliikunja akaitia kifuani.

Kila safari ni bodaboda hadi barabarani, halafu matatu, na utingo hutoza viti viwili. Safari hizo tatu zilikula zaidi ya malipo ya mwezi mmoja, malipo ambayo mpaka leo hajayaona.

Yuko pia mzee wetu, ameniruhusu nimtaje bila jina, ambaye tangu utotoni hutembelea mikono. Aliitwa benki aweke alama za vidole. Mashine ikakataa kidole baada ya kidole, kwani ngozi imelika ikawa laini kama kigae. Karani akamwambia apake mafuta arudi kesho. Akarudi, wapi! Mwisho afisa mwingine alikubali mlezi aliyesajiliwa aweke chake, ikawa kazi ya dakika tano. Kumbe njia ilikuwepo siku zote.

Mlezi naye ni binadamu. Tumezika walezi wawili mwaka huu, na jina la mlezi lisipobadilishwa, malipo husimama. Nyumba moja imekaa miezi mitano bila kitu, na pampasi za mtu mzima hazingoji.

Sheria mpya ya Watu wenye Ulemavu ilitiwa saini Mei 2025, ikachukua nafasi ya ile ya 2003. Tulishangilia, si vibaya. Ila Kifungu cha 54 cha Katiba kimetupa haki ya kufika mahali pote tangu 2010, na ofisi moja tunakopeleka fomu iko ghorofani, ngazi tupu. Hizo 2,000 nazo hazijapanda kwa zaidi ya miaka 10. Unga umepanda mara ngapi? Kamati imeandika barua kuhusu yote mawili. Bado hatujajibiwa.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Langu la mwisho: kuanzia sasa hakuna fomu itakayotoka hapa kabla ya watu wawili kuikagua, na mmoja wao asiwe mimi. Waliobadilisha mlezi, au wanaotaka kubadilisha, wabaki baada ya chai na nakala za vitambulisho, cha mlezi na cha mwenye ulemavu. Asiye na nakala asiende saiba. Katibu amekuja na mashine yake ya kutoa nakala.