Barua ya Bibi Picha kwa wasichana wa kamera

Wajukuu zangu,

Shikamoo zenu zimenifikia, marahaba. Picha zenu nimezitazama zote, moja moja, kwa miwani yangu hii ya mkono mmoja.

Mmeniambia mnataka kujipiga picha wenyewe, mwili uwe ndiyo habari, kama afanyavyo yule mpiga picha wa Mexico, Tatiana Parcero. Sina ugomvi na hilo, na mama zenu wakija juu niachieni mimi. Ila nimeziweka zenu kando ya zake, nikaona mmeiga bega mkaacha kilichoko chini ya bega.

Nianze na ufundi, maana huko ndiko nilikomalizia ujana wangu. Mmoja wenu ameandika kwamba Parcero anachora juu ya ngozi. Hachori. Anapiga picha kiungo chake, kiganja, kifua, uso, kwa nyeusi na nyeupe. Picha hiyo anaichapa kwenye asetati, ile plastiki inayopitisha mwanga, kisha anailaza juu ya picha nyingine ya rangi: ukurasa wa kodeksi, yaani kitabu cha kale cha michoro, ya Waazteki, wenyeji wa zamani wa Mexico, ramani ya kale, au mchoro wa kitabibu wa viungo vya ndani. Kwa hiyo mwili ndio unaokaa juu, mwembamba kama utando wa yai, na maandishi yanatokea chini yake, kana kwamba yalikuwamo siku zote na sisi ndio tuliochelewa kuyaona. Angechora juu ingekuwa hina tu. Hina naipenda, lakini baada ya wiki mbili imekwenda na maji.

Kazi yake hiyo ya katikati ya miaka ya 1990 ameiita Cartografía Interior, ramani ya ndani. Alizaliwa Jiji la Mexico mwaka 1967, akasoma saikolojia, halafu akaenda New York kusomea upigaji picha. Mtu akiwa mbali na kwao huanza kujipapasa mifukoni kama aliyepoteza funguo.

Na kwa nini kodeksi? Hapa nawaomba mtulie. Mwaka 1562, huko Maní, Yucatán, Mexico, padri Mhispania Diego de Landa alivichoma moto vitabu vya Wamaya, wenyeji wengine wa huko. Vya kwao vinavyojulikana kubaki leo ni vinne, na vitatu kati ya hivyo viko Dresden, Madrid na Paris. Vya Waazteki navyo vilitawanyika. Kodeksi ya Mendoza, iliyochorwa baada ya Wahispania kuingia, iko Oxford, Uingereza. Binti wa Mexico anayetaka kugusa karatasi za wazee wake hukata tiketi ya ndege. Mimi nikiiona ile picha ya kiganja, naona mtu aliyeamua kukirudisha kitabu nyumbani bila kuomba ruhusa ya maktaba.

Sasa niwaambie langu. Kazi yangu studio miaka ile ilikuwa kufuta. Penseli iliyochongwa vizuri, negativu juu ya kioo chenye taa, na kovu la ndui linaondoka. Siku moja akaja bibi mmoja wa Kimakonde, nembo zake, zile chanjo za ngozini, zimejaa usoni, mashavu hadi paji. Alitaka pasipoti saizi. Mwanawe akanivuta pembeni: futa hizo, mama asionekane mshamba. Nikafuta, tena vizuri sana. Yule bibi alipopewa picha aliiangalia, akailaza kifudifudi juu ya kaunta. Mwanawe ndiye aliyelipa. Ile negativu sikuitunza, na sijui nani mwingine alimpiga picha yule mama akiwa na uso wake.

Ndiyo maana wewe uliyejibandika mungu wa Kiazteki kifuani nakwambia kwa mapenzi: umevaa kaniki ya msiba wa jirani. Yeye Parcero alichimba kwao. Nenda kachimbe kwenu. Kuna cheti cha kliniki cha mama yako, kuna barua za babu za kiarabu ambazo hakuna anayezisoma tena nyumbani, kuna ramani ya shamba mlilodhulumiwa. Kuna bibi zenu wenye nembo ambao bado wanapumua. Waulizeni kila mstari una jina gani, mkiwa mmeiacha kamera nyumbani. Kama hamna cha kuweka chini, ngojeni. Bega halikimbii.

Na faili la asili msimpe mtu, hata mchumba. Hasa mchumba.

Asetati ninazo kumi na moja, za tangu studio haijafungwa, kona zimeanza kuwa za njano. Njooni Jumamosi baada ya adhuhuri, umeme ukiwepo. Atakayekuja na ukurasa wake wa chini tayari ndiye nitakayemkatia wa kwanza.

Bibi yenu,
Bibi Picha